Thelma Garbett na beji alizozigonga mwenyewe

Saa tatu na robo asubuhi, katika ukumbi wa kanisa pembezoni mwa Birmingham, Thelma Garbett anaigeuza beji kifudifudi kabla aliyeileta hajamaliza kuielezea.

Mwenye beji ni Clive Ormerod, dereva wa basi mstaafu. Anasema ilikuwa kwenye kofia ya kaka wa babu yake, aliyeuawa vitani Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Ameikuta kwenye droo ya marehemu baba yake.

Thelma anaichungulia kwa lenzi, kisha anashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa arudie vyombo alivyokwisha kuosha.

"Nani aliichemsha kwenye chai?" anauliza.

Clive anasema hakuna. Thelma anamwonyesha weusi uliojikusanya mahali ambapo kidole cha askari kingepasugua kila asubuhi kwa kuing'arisha. Hiyo ni rangi ya kupakwa. Umri hauji hivyo.

Thelma ana miaka 63. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi hukaa kwenye meza hii, kati ya birika la chai na mlango usiofunga vizuri, akiwaambia wakusanyaji beji zao za kijeshi ni za lini. Hutoza pauni tano kwa beji. Siku nzuri huletewa beji ishirini, na kumi na tano kati ya hizo ni bandia.

"Hawaji kuuliza," analalamika. "Wanakuja nikubali. Juzi mtu kaniletea beji ya mwaka 1914 yenye taji la mtindo ulioanza 1953. Nikamwambia. Akaniuliza kama nina uhakika."

Clive naye hakubali. Taji la beji yake ni la mtindo wa zamani, wa kabla ya 1953, na simba amekaa sawasawa. Thelma anamjibu kwamba lazima akae sawasawa, kwa sababu kalibu ya chuma iliyotumika kugongea umbo hilo ni ile ile ya zamani. Ila tazama mkia wa simba: una mkato mwembamba.

"Mkato huo ni wangu, bwana," anasema. "Mwaka 1979, kiwandani, niliangusha spana juu ya kalibu. Msimamizi akaniambia niendelee kugonga. Beji yako nimeitengeneza mimi."

 Mwezi Novemba ujao, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, beji hiyo ilikuwa iwekwe kwenye kasha la kioo kanisani kwao Clive, chini ya jina la askari huyo. Tangazo limeshasomwa. Clive anaiweka mfukoni na kwenda zake bila kuaga.

Wateja wengi huishia hapo. Clive anarudi baada ya nusu saa, chai mkononi, wala haketi.

"Kumbe baba aliuziwa hii kama ya zamani," anasema. "Nyie mlijua?"

Thelma anaiweka lenzi mezani. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi na saba, anaeleza, na waliambiwa ni za ukumbusho tu. Kila beji ilipigwa jina la kiwanda kwa nyuma. Mwaka uliofuata wakaambiwa jina lisipigwe tena.

"Hapo nilijua," anasema. "Nikagonga miaka mitatu mingine. Nilikuwa na nyumba ya kulipia, lakini nilijua."

Clive anavuta kiti. Anasema baba yake hakuwa mwongo. Hakuwa na kitu kingine cha askari yule cha kushika. Thelma anamwambia aweke jina peke yake ndani ya kasha, maana jina halikugongwa na mtu.

Sasa Thelma anaandika kijitabu cha kuwasaidia watu kuzitambua beji hizo bandia. Anakumbuka kalibu arobaini na mbili zilizopita mikononi mwake, na kila moja anaijua kasoro yake. Ukurasa wa kwanza utataja jina lake na miaka aliyofanya kazi hiyo. Rafiki zake wamemwonya kwamba wakusanyaji watamla mzima.

"Waje," anasema. "Wamenichosha miaka ishirini kwa kubisha. Angalau sasa watakuwa na sababu."

Kilichokuwa kinamkwamisha ni picha, kwa kuwa beji alizotengeneza hakubakiza hata moja.

Clive anaitoa yake mfukoni, anaiweka mezani mgongo wake usio na jina ukiwa juu, na kumwambia aanze na hiyo.