Binti Yangu Aliandika Jina la Marehemu Mama Kwenye Kaburi la Boksi

Admin, jina langu lisionekane, kanisa letu hapa Buffalo, Marekani, ni dogo na watu wana midomo. Mimi ni mama wa miaka 43, Mrundi, nimekulia kambini Tanzania. Nafanya kazi kiwandani. Nina binti mmoja, ana miaka kumi na tatu.

Jamani, hii Halloween, sikukuu yao ya kutishana kwa mizimu na watoto kuomba pipi nyumba kwa nyumba, inanitia kinyaa! Jumamosi moja natoka kazini miguu inawaka moto, nakuta mlangoni kwangu uchafu mtupu. Glavu zangu za kuoshea choo binti yangu kazijaza unga, tena unga wangu wa ugali, kazining'iniza kama mikono ya maiti. Shuka langu jeupe kalitoboa macho. Tomato sosi kapaka ukutani, eti damu, inatiririka na kunuka siki. Ptuu! Mimi damu ya watu nimeikanyaga nikiwa mtoto.

Kando yake kulikuwa na boksi lililokatwa kama kaburi, limepakwa rangi ya kijivu, lina msalaba. Nasoma, Yesu wangu, jina la marehemu mama yangu! Nikapiga kelele: "Bibi yako ndiye wa kuchekwa na watoto wanaoomba pipi?" Sikungoja jibu. Nililichana mbele ya rafiki zake, nikalikanyaga, nikalitupa kwenye pipa la taka.

Akalia, akanijibu kwa Kiingereza chao, lakini nilielewa kila neno. "Mama, ulisema bibi mlimzika kambini bila hata msalaba, na hamjui tena ni wapi. Nimemtengenezea kaburi lake."

"Sasa ndiyo umweke kwenye matapishi haya?"

"Mwezi huu watu wote huku wanaweka makaburi mbele ya nyumba. Nilidhani na sisi tunaruhusiwa."

Leo ni wiki ya tatu hasemi na mimi. Anakula chumbani. Anataka kuhamia mji mwingine, Louisville, kwa dada yangu, na dada anasema aje tu.

Kinyaa bado ninacho, sitawadanganya. Zile glavu na ile sosi siziombei msamaha. Lakini jana nilikata boksi jingine mwenyewe, nikashika kalamu, mkono ukakataa kuandika jina la mama. Liko chini ya kitanda, tupu. Nataka binti yangu aliandike yeye, asiondoke. Jamani wazazi wenzangu, mlango wake nitaugonga nikisema nini?