Kilo za Mama Mkwe

Nyinyi mnaodhani ndege inapaishwa na injini tu, mmenichosha. Injini inavuta, bawa ndilo linabeba. Tena jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi: injini inakosa pumzi, bawa linakosa cha kushika. Mnabisha? Haya, sikieni.

Kuna rubani ana kindege cha viti vinne, injini ndogo, mabawa mapana. Wenzake wanakiita Bata Mzinga. Mchana mmoja wa joto alikuwa anampeleka mama mkwe wake hospitali ya mbali, ambako mkewe alikuwa amelazwa, kesho apasuliwe ajifungue. Mke alishasema kwenye simu, "Bila mama siingii chumba kile."

Rubani akapima mafuta. Akapima mabegi. Akajipima mwenyewe. Zamu ya mama mkwe ilipofika, akaanza kukagua viatu vyake mwenyewe. Utamwambiaje mama aliyekuzalia mke apande mizani? Akakadiria kwa jicho, na jicho la mkwe lina adabu: likapunguza.

Moyo ukamsuta. Badala ya kuuliza, akateremsha vile vibawa vidogo vya ukingo wa nyuma wa bawa mpaka mwisho, eti bawa libebe zaidi. Ni kweli linabeba, lakini linazuia hewa kama mwavuli, na injini ndogo haina ubavu huo. Bata Mzinga akakimbia, akajikokota, nusu ya uwanja ikafika magurudumu bado yameng'ang'ania chini na miti ya mbele inazidi kurefuka. Rubani akapunguza moto wa injini, akakanyaga breki. Wakasimama.

"Kimeharibika?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni... sijui uzito wako."

Mama akamkodolea macho. "Kwa hiyo ulitaka tufe kwa adabu?"

"Nisamehe, mama."

"Lete mizani! Na ugeuke huko, nasoma mwenyewe."

Akasoma, akazitaja kilo zake kwa sauti mpaka mafundi bandani wakageuka. "Umesikia, baba? Shusha begi langu. Mwanangu ananihitaji mimi, hahitaji magauni yangu."

Wakangoja jua lipoe. Safari hii vibawa vilishuka kidogo tu, na Bata Mzinga akaiacha ardhi miti ikiwa bado mbali. Huko juu mama akamshika bega mkwe wake, hakuliachia.

"Kurudi," akasema, "utampima na mjukuu."

Rubani akacheka huku anafuta macho.

Basi na wewe, ukiulizwa kilo zako kabla ya kupanda kindege, tafadhali zitaje zote, pamoja na viatu.