Siku Bibi Aliponipandisha Mtumbwini

Nilipokuwa mtoto, mtumbwi wa bibi yangu ulikuwa kitu cha kutazama kwa mbali. Ulikuwa wa kuvulia sangara, na pale mwaloni kwetu, ufukweni wanaposhushia samaki, mbele kidogo ya Kirumba, kila mtu alijua kwamba mwanamke akikanyaga mtumbwi wa uvuvi, samaki huhama. Mitumbwi ya abiria tuliipanda bila neno. Ule wenye nyavu, hapana. Hata bibi, aliyeurithi babu alipofariki, aliusimamia akiwa mchangani.

Bibi Tereza alikuwa mtu wa furaha, tena furaha ya sauti kubwa. Akicheka jikoni kwake, wanunuzi waliosubiri samaki ufukweni walianza kutabasamu kabla hawajajua kisa. Mimi aliniita mke mwenza, akidai nilizaliwa ili nimnyang'anye babu. Hata msibani hakukosa kukumbuka kituko kimoja cha marehemu, na wafiwa walimpenda kwa hilo.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, magari ya barafu ya viwanda vya minofu yalipoanza kushuka hadi majini na kila mtu akataka sangara. Nilikuwa darasa la tatu. Mchana mmoja tulikuwa tunacheza kombolela, nikajificha ndani ya mtumbwi. Masatu, nahodha wa bibi, akanikuta humo. Hakunigombeza. Alinitazama tu, akaondoka.

Wiki ile nyavu zilitoka tupu. Masatu na wenzake wakaja nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni uji."

Hawakukaa. "Mama, huyu mtoto ameutia mtumbwi mkosi," alisema Masatu. "Na sisi tuna familia. Tunakwenda kutafuta kazi kwingine."

Habari zikafika shuleni kabla yangu. Wakaanza kuniita Mkosi. Bombani wasichana wenzangu walisogeza ndoo zao nisije nikazigusa. Mtoto huamini anachoambiwa. Niliamini kwamba ziwa lote lile, lisiloonekana mwisho, nimelifukuzia samaki kwa miguu yangu. Jioni moja bibi alikuwa anachambua dagaa, nikamuuliza, "Bibi, nikifa, samaki watarudi?"

Mikono yake ikasimama. Nilingoja acheke, hakucheka. Alinivuta akanikalisha mapajani ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo, akakaa nami mpaka giza likaingia.

Kesho yake alasiri alimwita mama mdogo Leticia, mdogo wake mama, akamwambia abebe makasia. Bibi alikulia kisiwani Ukerewe, na kwa kuwa baba yake hakujaliwa watoto wa kiume, yeye ndiye aliyefundishwa kupiga kasia. Tukashuka mwaloni sote watatu. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakainuka.

"Mama, unafanya nini?" Masatu akauliza.

"Mnasema mkosi ni huyu. Basi nakwenda nao ziwani. Tupisheni."

Akaninyanyua, akanikalisha mbele kabisa, mahali ambapo kila jicho lingeniona. Tukatega, tukarudi. Alfajiri tukaenda kuvuta. Nyavu zilikuja nzito, lakini kilichotoka kilikuwa magugu maji. Magugu matupu, na sato mmoja mdogo kama kiganja.

Ufukweni watu walikuwa wanangoja. Mtu mmoja akacheka kwa dharau. Bibi naye akacheka, kumshinda, akamwinua yule sato juu kama aliyebeba kombe. "Huyu ametumwa kutusalimia," alisema. "Wakubwa wanakuja kesho."

Mimi nililia. Nilimwomba aniache nyumbani. "Mke mwenza," aliniambia akinifuta kamasi kwa khanga yake, "wewe ndiye unayekaa mbele. Usipokuja, hatuendi."

Jioni ile tulitega ng'ambo ya majabali, mahali upepo usikosukumia magugu. Alfajiri, Leticia alipoanza kuvuta, mtumbwi uliinama. Akatoka sangara wa kwanza, anang'aa kama sufuria mpya, mkia wake mpana kuliko mgongo wangu. Akafuata mwingine. Na mwingine. Bibi alivuta huku anaimba, Leticia analia na kucheka pamoja, nami nimekaa juu ya makasia kwa kukosa pa kuweka miguu.

Vigelegele vyetu vilifika nchi kavu kabla yetu. Watu wakaingia majini kutuvuta, Masatu akiwa wa kwanza.

"Mama," akasema taratibu, "nafasi yangu bado ipo?"

"Ipo. Lakini huyu atapanda mtumbwi huu siku yoyote anayotaka."

Masatu akanitazama tena, safari hii macho kwa macho. Kisha akanishika kwapani, akaniteremsha kwa uangalifu mbele ya watu wote. Sikuitwa Mkosi tena.

Imani yenyewe haikufa. Wengine walisema Bibi Tereza si mwanamke kama wanawake wengine, na mitumbwi yao ikaendelea kukataa wasichana. Bibi hakubishana nao. Kwa miaka mingi nilidhani ushindi wetu ulikuwa wale sangara. Nilipokuwa mtu mzima, yeye akiwa amezeeka na bado anacheka, nilimuuliza angefanya nini kama siku ya pili nayo tungevuta magugu.

Alinishangaa. "Tungekwenda ya tatu," alisema. "Na wewe ungekaa palepale mbele."