Jiwe la Kijani la Mjomba

Harufu ya limao hunirudisha uani kwetu Temeke, siku mjomba aliporudi kutoka mgodi wa shaba unaosifika kwa mawe adimu. Alileta jiwe moja tu, la kijani, akaanza kutusimulia ya huko mgodini.

“Hilo kalipaka rangi! Mgodini hajafika huyu,” jirani alicheka.

Niliumia, maana nilishawatambia wenzangu wote kuhusu safari ya mjomba.

Mjomba hakukasirika. Alisaga kipande, akakitia kwenye kikombe cha maji ya limao, povu likapanda. Akanipa msumari uliosuguliwa. “Tumbukiza, mpwa wangu, usubiri. Limao linayeyusha shaba ya jiwe, na chuma kinaivuta.”

Nikasubiri. Msumari ulitoka na wekundu wa shaba.

Jirani akaukwaruza kwa ukucha. Kisha akavuta kigoda karibu na mjomba.

“Haya, kaka, anza upya. Huko chini mlikuwa mnashukaje?”