Utafiti wangu wa kutuma pesa kwa sauti ulivyokwamia kwenye jina la baba mkwe

Wakuu, poleni na mihangaiko. Wakubwa shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo na mimi nina la kwangu. Limenitokea mwenyewe, na mhusika mkuu kakaa hapa pembeni anachungulia kila ninachoandika. Hata nikitaka kuongeza chumvi, sitathubutu.

Twende taratibu.

Mimi ni Msukuma wa Dar. Yaani ukoo wangu uko Kolandoto, mzee wangu alirudi huko baada ya kustaafu, ila Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu ya "mwangaluka". Nikijibiwa, nimekwisha. Mke wangu, Mama Neema, ni Msumbwa wa Ushirombo, kalelewa hukohuko shambani.

Nilikuwa nasoma masters. Research yangu ilihusu user experience ya huduma za pesa za simu kwa watu wasiojua kusoma.

Kuna jamaa walikuwa na kampuni ndogo, wametengeneza huduma ya kutuma pesa kwa sauti. Unapiga namba, mashine inakuuliza unamtumia nani, unataja jina lake, inakurudishia jina, unasema ndiyo, unaweka namba ya siri. Hakuna kusoma chochote. Sauti yako inapanda kwenye server za mbali huko, cloud, inatambuliwa, jibu linarudi.

Walikuwa wanaijaribu Kahama, Ushirombo na machimbo ya upande wa Geita. Wakanipa ruhusa nifanyie utafiti wangu humo.

Sasa niseme ukweli kwa nini nililivalia njuga jambo hili. Si kwa ajili ya cheti tu.

Mama mkwe wangu hajui kusoma. Analima mpunga, anauza, pesa yake iko kwenye simu. Kila akitaka kutuma ilibidi ampe mtu simu pamoja na namba ya siri. Mwaka mmoja mtu aliyemwamini akamsafisha yote, ya mavuno mazima. Hakumsema mtu. Mke wangu alikuja kujua baadaye sana, akalia siku nzima.

Nilitaka yule mama aweze kutuma pesa yake mwenyewe bila mtu kushika siri yake. Basi.

Lakini wakuu, mambo yalikuwa magumu.

Watu walikuwa wanapiga vizuri. Wanasikiliza karibisho. Mashine ikisema "Taja jina la unayemtumia", kimya. Wanakata. Hasa akina mama. Wanapiga tena, wanafika palepale, wanakata tena.

Nikasema ni mtandao. Tukalalamikia server ziko mbali, sauti inachelewa, mtu anadhani simu imekufa. Vijana wa kampuni wakahangaika, kasi ikaongezeka kweli.

Kimya kilekile.

Nikasema basi ni lafudhi. Tukazunguka kurekodi sauti za wenyeji ili mashine ijifunze. Ikajifunza. Haikusaidia, kwa sababu mtu asiyesema kitu hana lafudhi ya kutambuliwa.

Nikihoji sasa! Nakaribishwa, napewa kiti, naletewa ugali na mlenda, kisha nauliza, "Mama, hii huduma umeionaje?" Jibu: "Iko vizuri tu, baba." Nyumba kumi jibu ni hilohilo. Nani atamsema vibaya mgeni mbele ya chakula alichomwandalia mwenyewe?

Mama mmoja anayeuza mchele Kahama, Mama Kulwa, nilimbana kidogo. Nikamwambia mbona anakata simu? Akacheka, akageukia magunia yake. "Aa, baba, mimi ni mshamba tu." Nikaandika kwamba hajazoea teknolojia. Nikisoma yale maandishi leo naona aibu.

Machimboni ndiyo vichekesho. Kuna jamaa wawili wanafanya kazi duara moja, shimo moja kabisa, miaka. Namwambia mmoja amtumie mwenzake pesa ya majaribio. Mashine inataka jina lililosajiliwa kwenye laini. Jamaa ananitazama.

"Huyu ni Sululu."

"Jina lake kamili?"

"Kaka, mimi ni polisi?"

Hata Sululu mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Nikalipuuza, nikadhani ni mambo ya wachimbaji tu.

Kampuni wakaanza kuchoka. Wakaniambia wazi, hali isipobadilika wanafunga majaribio ukanda wote ule na kuhamia mkoa mwingine. Research yangu ingebaki hewani. Lakini kilichoniuma ni yule mama. Angebaki anampa mtu namba yake ya siri mpaka uzeeni.

Basi Mama Neema akaja likizo kwao na mtoto. Mimi nikafikia kwa shemeji yangu, kwa sababu mkwe huwezi kulala nyumba moja na mama mkwe. Mimi na mama mkwe salamu yetu ni ya mbali, yeye anaangalia pembeni, mimi naangalia chini. Kama ana neno, linapitia kwa binti yake. Chakula chake nakula, ila sijawahi kula mbele yake. Najua wapo waliolegeza haya mambo, kwetu bado.

Jumapili baada ya misa tumekaa uani kwa shemeji, nimenuna. Mke wangu akasema lete hiyo simu na mimi nijaribu.

"Mtumie mzee," nikamwambia, maana mzee wangu wa Kolandoto tulishamsajili.

Akapiga. Mashine ikasema taja jina. Mke wangu akatulia. Kisha akanirudishia simu.

"Taja wewe."

"Kwani vipi? Imekata?"

"Haijakata."

"Sasa taja."

"Baba Neema, siwezi."

Nikamuuliza siwezi ya nini, mtandao? Akaniangalia kama anaangalia mtoto aliyekojoa kitandani.

"Mtandao gani? Yule ni baba mkwe wangu. Nimtaje jina lake hivihivi kama namtuma mtoto dukani?"

Wakuu, hapo ndipo nikaanza kukumbuka.

Miaka yote ya ndoa sijawahi kusikia mke wangu akitaja jina la baba yangu. Mzee. Babu yake Neema. Baba wa Kolandoto. Jina lenyewe, hata siku moja, na mimi nilikuwa sijawahi kugundua.

Nikataka kubisha kidogo, si mnajua wanaume. Nikamwambia hii ni mashine tu, haina masikio.

Akasema, "Haya. Mama yangu anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Jina nalijua, nililisikia kanisani siku ya ndoa. Halikutoka. Mimi, Msukuma wa Dar, na laptop yangu mapajani, ulimi ulikataa kabisa. Shemeji alikuwa anasikiliza, alicheka mpaka machozi.

Mke wangu hakucheka. Akaniuliza swali moja tu: "Hao akina mama unaowahoji, wanamtumia nani pesa?"

Wakwe. Wengi wao wanatuma kwa wakwe. Wanaume wako migodini, mke ndiye anayebaki kuwahudumia wazee wa mume.

Tulikuwa tumetengeneza mlango, halafu tukaweka mwiko mlangoni.

Nikamuuliza tufanyeje. Akasema, bila hata kufikiria sana, "Si mwache kila mtu amwite mtu wake anavyomwita nyumbani?"

Vijana wa kampuni walibisha mwanzoni. Jina la kwenye laini ni usalama, pesa isiende kwa mtu mwingine. Walikuwa na hoja. Tukakubaliana hivi: namba ya mpokeaji inaingizwa mara moja tu, kisha unarekodi kwa sauti yako unavyomwita. Siku nyingine unasema hivyohivyo, mashine inaitambua, halafu yenyewe ndiyo inakutajia jina la kwenye laini ili uhakikishe. Kusikia hakuna shida, shida ni kutaja. Mashine haina mkwe.

Wakaongeza kitu kidogo mwishoni. Mpokeaji anapigiwa simu kuambiwa kaingiziwa pesa, na anasikia sauti ya aliyemtumia ikimwita.

Nilirudi kwa Mama Kulwa. Akarekodi "babu yao mapacha", yaani baba mkwe wake. Akatuma mwenyewe pale kwenye magunia, pesa ikafika. Akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Sasa hii ina adabu, baba," akasema.

Akina mama wakaacha kukata simu. Jamaa wa duarani akarekodi "Sululu" kwa kelele. Majaribio hayakufungwa. Supervisor aliisoma ile sura ya wakwe mara mbili, akaniuliza nilimpata wapi mtaalamu wa mila. Nikamwambia nimemuoa.

Lakini wakuu, haya siyo yaliyonileta hapa.

Nilirudi Dar kumalizia kuandika. Pesa ya kujikimu ikachelewa, nikawa nakunywa chai ya mkandaa, ya rangi tupu, mchana na usiku. Sikumwambia mtu zaidi ya mke wangu.

Siku moja niko kwenye korido ya chuo, simu ikaita. Ile sauti ya mashine ikasema nimetumiwa pesa. Halafu ikaja sauti ya mama mkwe wangu.

"Mwanangu."

Basi. Neno hilo moja tu.

Yule mama hajawahi kuniita chochote. Kwa heshima yake na yangu, hawezi. Nilisimama pale koridoni nikalia, wanafunzi wananipita.

Nikampigia mke wangu kumuuliza nani alimsaidia. Akasema yeye aliingiza namba yangu tu, alipokwenda tena kwao baada ya huduma kubadilishwa. "Nilipotaka kumsaidia kurekodi alinifukuza, akaenda nyuma ya nyumba peke yake. Na leo katuma mwenyewe, hata sikujua. Namba yake ya siri hakuna anayeijua tena, hata mimi."

Nilichojifunza: ukiona watu wanakaa kimya mbele ya kitu chako, usikimbilie kusema ni washamba au ni mtandao. Huenda umewaambia wafanye kitu ambacho hata wewe huwezi. Namshukuru Mungu kwa mke, na namshukuru yule mama kuliko ninavyoweza kuandika.

Boom, ile pesa ya kujikimu, lilipotoka nikataka kumtumia zawadi. Nikapiga namba ya huduma, nikaingiza namba yake. Mashine ikaniambia nirekodi ninavyomwita.

Nikatazama kushoto na kulia, nikasema, "Mama."

Wakuu, huko kwenu mkwe mnamwitaje? Na walioshindwa kumtaja kama mimi wajitokeze, msiniache peke yangu.