Bandeji Kwenye Goti Zima

Niseme mapema ili mcheke mapema mmalize: mimi ndiye yule mtu aliyepimwa magoti hadharani Ruangwa, kwenye uwanja wa saruji, saa tisa mchana, kaptula imekunjwa mpaka mapajani, na watu wazima wenye familia zao wakipiga makofi na kuimba "Lipi? Lipi?" kama wako harusini. Kama ulisikia kisa hicho ukaambiwa kilimtokea mtu wa Masasi, basi aliyekwambia hivyo alikitoa kwangu, na mtu wa Masasi naomba tumwache apumzike.

Mwaka ule nilihamishwa. Nilikuwa nafundisha Nachingwea, nikapelekwa shule moja ya Ruangwa, na wiki hiyohiyo afisa kilimo mmoja wa Ruangwa, jina lake Yasini, akaletwa huku kwetu Nachingwea, kata ya Naipingo. Wote wawili tulikuwa wachezaji wa kikapu, kila mmoja kwenye timu ya kule alikotoka. Kwa hiyo serikali ilikuwa imeshatubadilisha kama viti vya ofisi, zilibaki timu nazo zitubadilishe. Ligi yetu ina sheria ngumu: mchezaji mmoja akienda, mmoja arudi, na fomu zote mbili zigongwe mhuri kabla dirisha la usajili halijafungwa, Ijumaa saa kumi jioni. Fomu moja ikikwama, zote mbili zimekwama, na kila mtu anabaki wa timu yake ya zamani iliyoko wilaya nyingine, ambayo haimwoni mazoezini na kwa hiyo haimpangi.

Mimi msimu mmoja ningeuvumilia (nilikuwa na miaka ishirini na saba, na hata nilipopangwa nilipangwa benchi, nikitunga riwaya yangu kichwani wakati wenzangu wanagombea mipira chini ya ringi, Ruangwa walinitaka kwa urefu tu). Yasini alikuwa na thelathini na sita. Alinipigia simu Jumatano.

"Mdogo wangu, mwili huu umebakiza msimu mmoja, nausikia. Nipitishie hiyo fomu."

"Kaka, jihesabu umeshacheza," nikamjibu, kwa mdomo wangu huuhuu.

Sasa goti. Wiki mbili nyuma nilianguka mazoezini, goti la kushoto likavimba. Nikaenda zahanati, nikapewa cheti, nikamkabidhi Katibu wetu, Mzee Chilumba, nikaamini amekitia mfukoni na kukisahau kama anavyosahau kila kitu. Sikumkumbusha. Uvimbe ulishuka, yakabaki maumivu, na Ruangwa hawataki kusikia habari za maumivu, maana msimu uliopita walipokea mtu mwenye bega bovu, na tangu siku hiyo wakaweka utaratibu wao: mchezaji mgeni anapimwa uwanjani, mbele ya wanachama, kila mmoja ashuhudie kwa macho yake.

Ijumaa asubuhi, nikifunga kamba za viatu, ndipo likanijia wazo. Dogo tu. Watu wakiona bandeji, nikajiambia, wataangalia penye bandeji. Nikaifunga kwenye goti la kulia, lile zima. Daktari atalishika, atalikuta zuri, atafurahi, atasaini, na la kushoto litapita kimya kimya. (Kwenye riwaya yangu ingefanya kazi. Kwenye riwaya yangu daktari huuliza ninachotaka aulize.) Na kwa kuwa nilitaka ionekane bandeji ya kweli, niliikaza kweli.

Tukaondoka kwa pikipiki ya Mzee Chilumba, yeye mbele, mimi nyuma nimekunja miguu kama panzi. Mikorosho ilikuwa imechanua njia nzima, harufu yake nzito na tamu ikiingia mpaka ndani ya helmeti, na mimi nikawa natafuta sentensi ya kuielezea, sentensi moja tu, na nilipoipata tulikuwa tumeshafika na mguu wa kulia haukuwepo. Nasema haukuwepo. Nilishuka nikausimamisha chini, nikaangalia kama upo, upo, lakini ulikuwa kama wa mtu mwingine. Ganzi tupu kuanzia gotini kwenda chini, na unyayo umejaa kama andazi. Nikahamia mguu wa kushoto, goti lake likanikumbusha kwamba linauma. Basi nikawa natembea sijui nichechemee upi.

"Shikamoo mama," nikamsalimia aliyekuja kutupokea. Huyo ni Mama Somoe, kiongozi wa mashabiki wao, mkaanga mihogo, sauti yake haihitaji spika.

"Marahaba. Mbona unatembea kama mbuzi mwenye kamba?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Nikakalishwa kwenye kiti katikati ya uwanja, wanachama wakazunguka, na Daktari Neema, dada mmoja mpole kuliko wote waliokuwepo pale, akachuchumaa mbele yangu.

"Bandeji ya nini, Mwalimu?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika ujanja wangu wote sikuwa nimeandaa jibu la swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Ya kawaida tu, Daktari."

"Kawaida ya nini?"

"Ya tahadhari."

"Linauma?"

"Haliumi kabisa."

Akaifungua. Damu ikaanza kurudi mguuni, na anayejua ganzi inapoachia anajua zile sindano elfu, na ni wakati huohuo alipobonyeza kwa kidole gumba.

"Mama yangu wee!"

"Mmesikia?" Mama Somoe akawageukia watu. "Haliumi, lakini anamwita mama yake."

"Ulianguka lini?" Daktari akauliza.

"Zamani," nikasema, kwa kuwa zamani ilionekana salama. "Zamani kidogo. Kama... juzi."

Watu wakaguna. Nikaona uso wa Yasini kichwani mwangu, nikaona saa ya mtu wa kamati ya ligi aliyekaa mezani na mhuri wake, tisa na nusu, nikaamua kusema ukweli, na nikauanzia katikati.

"Daktari, nisikilize. Goti linalouma siyo hili."

"Lipi?"

"La kushoto."

Daktari akatazama karatasi zake, akanitazama mimi. "La kushoto nalijua tangu Jumatatu. Katibu wenu alileta cheti. Wanachama walikubali upumzike, ucheze mzunguko wa pili. Hilo la kulia ndilo sikuambiwa."

Nikamgeukia Mzee Chilumba, ambaye katika maisha yake yote alikuwa amekumbuka kitu kimoja. Alikuwa ananiangalia mguu akishangaa kuliko wote. "Mwalimu, kwani la kulia nalo limeumia lini?"

"Halijaumia! Ni zima!"

"Zima na limevimba hivi?" akauliza Daktari.

"Limevimba kwa sababu ya bandeji."

"Na bandeji uliifunga kwa sababu gani?"

Kulikuwa na jibu, tena lilikuwa la kweli, lakini lilipofika mdomoni nikalisikia lilivyo. "Ili usiangalie la kushoto."

Mama Somoe akapaza sauti: "Tumepigwa tena, jamani! Magoti yote mawili mabovu, na la tatu liko kichwani!"

Daktari, Mungu amjalie, akanipa nafasi: niruke kwa mguu wa kulia mara tano. Nikasimama. Watu wameanza kuimba "Lipi? Lipi?", Mzee Chilumba ananiambia kulia, Mama Somoe anasema hata kulia hakujui, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikaruka kwa kushoto, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno, nikatua kwa kulia, kulia hakukuwa na mtu, nikaenda chini na meza ya kamati, fomu, kidau cha wino na mhuri wenyewe. Nikanyanyuka na alama ya mhuri kwenye shati. Kitu pekee kilichogongwa siku ile.

"Mwanangu Daktari," Mzee Chilumba akaomba, "ni ganzi tu hiyo, tuipe nusu saa."

"Baba, goti lisiloandikwa popote linataka eksirei. Na hiyo nusu saa sina."

Hakuwa nayo kweli. Saa kumi ilifika, mtu wa kamati akafunga faili lake. Dakika kumi baadaye ganzi ikaisha, nikaruka mguu wa kulia mara saba safi kando ya pikipiki. Hakuna aliyehesabu.

Simu ikaita. Yasini alikuwa uwanja wa Nachingwea, ameshatambulishwa, ameshavaa jezi yetu, nyuma yake nasikia vigelegele.

"Tayari, mdogo wangu?"

"Kaka, kumetokea tatizo la goti."

"La kushoto? Si wanalijua hilo?" (Hata yeye! Wilaya mbili nzima zilijua, isipokuwa mimi nisiyejua kwamba zinajua.)

"Hapana. La kulia."

"La kulia limefanya nini?"

"Halijafanya kitu."

Vigelegele vikaendelea kidogo, kisha vikaanza kupungua, na nadhani alikuwa anaivua jezi.

Jumatatu yake nikaripoti kazini Ruangwa, kwa watu walewale. Mpaka leo wananisalimia kwa kuyajulia hali magoti yangu, moja baada ya jingine.

Timu ya Ruangwa ilipokwenda kucheza Nachingwea nikaenda kama mtazamaji, nikamkuta Yasini amekaa pembeni, shati la kazini limenyooshwa vizuri. Nikakaa karibu yake. Kila mpira ulipogonga bodi mabega yake yalinyanyuka, halafu yakashuka polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake kimakosa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, mazuri, marefu. Akayasikiliza mpaka nusu.

"Mwalimu, punguza. Sema tu ulidanganya."

"Nilidanganya, kaka."

"Haya. Msimu ujao nitakuwa na thelathini na saba. Tutaona."

Sijui kama alikuwa ananisamehe au ananiaga, na nimejaribu kuliandika jambo hilo mara nyingi bila kulijua. Ila niliapa palepale, na naapa tena mbele yenu: sitafunga tena kitambaa mahali pasipouma. Fomu ya msimu ujao nimeshaijaza. Pale wanapouliza maumivu nimeandika goti la kushoto, kidogo. Kalamu ilitaka kuendelea. Nikaifunga.