Mwanangu kaniuliza kama Yesu ana uzi

Admin, naomba ufiche jina langu. Sasa hivi mwanangu wa miaka minne kakaa mlangoni na mtoto wake wa gunzi la mahindi. Kachomoa uzi kwenye kanga yangu, kamfunga gunzi kiunoni, akamwambia, "Basi, nyamaza. Hawakulogi tena." Nikamwambia, "Tumwombee kwa Yesu pia." Akaniangalia, akauliza, "Yesu ana uzi?"

Nimeingia ndani, ndio nawaandikia huku nalia.

Nina miaka ishirini na tatu, naishi Somanda hapa Bariadi, shule niliishia la saba. Nimelelewa kanisani kule kijijini Sola. Hata tukienda kuchuma pamba, mama anatuombea kwanza palepale shambani ndio tunaanza. Mume wangu anaendesha bodaboda, tunaishi na mama yake.

Msimu uliopita wa kulima mtoto alishikwa degedege. Tukamkimbiza hospitali, ikaonekana ni malaria, wakamtibu, akapona kabisa. Nilimuahidi Mungu nitamshukuru mbele ya kanisa. Lakini mama mkwe, ambaye huniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, sindano imeshusha homa. Aliyeituma nani atamshusha?" Nikaogopa. Sina mtoto mwingine. Tukaenda kwa mfumu, mganga wa huko kwao, akamfunga mtoto uzi mweusi kiunoni wenye kijiti, akakataza asiguswe na mikono ya maombi, eti dawa italala.

Sasa kanisani kwetu kila Jumapili watoto wanaitwa mbele, mchungaji anawawekea mikono. Nikaanza kukaa nyuma kabisa. Halafu nikawa namwacha mtoto nyumbani. Halafu na mimi nikaacha. Mama wa kikundi chetu cha maombi alipokuja kunitazama nikamdanganya nabanwa na palizi. Akacheka, "Palizi gani hiyo mdogo wangu, mvua yenyewe haijanyesha?" Kisha akasema taratibu, "Njoo tu. Hatujampa mtu nafasi yako."

Jamani, nilidhani nikimwacha Mungu kidogo nitarudi nikitaka. Kumbe sasa nikipiga magoti ulimi ni mzito. Nikisema Bwana, moyo unaniuliza, yupi? Na hofu haijaisha, imezidi. Zamani mtoto akikohoa nilikuwa naomba, nalala. Sasa akikohoa napapasa kiunoni kwanza, uzi upo? Mtoto kaniona, ndiko kajifunza. Hilo ndilo linaloniumiza. Sikupotea peke yangu, nilimshika mkono tukapotea wote.

Najua Mungu hakunifukuza, mimi ndiye niliyejificha. Nataka Jumapili hii nimpeleke mtoto mbele bila uzi. Nimemwambia mama mkwe, akajibu, "Kata. Ila siku akianguka usinililie mimi, mlilie huyo mchungaji wako." Mume wangu naye anasema, "Hayo ya akina mama, mimi nina abiria." Mkasi ninao hapa. Akiugua baada ya hapo si watasema nimemponza mwanangu kwa ulokole?

Nyie mliowahi kumwacha Mungu mkarudi, niambieni mlianzia wapi. Nikate leo, au nimwite kwanza yule mama wa kikundi tuombe pamoja ndio...

Subirini, mama mkwe anapiga kelele uani: "Mayu! Njoo umwone mwanao! Kauvua uzi wake, kamvalisha gunzi! Namwambia avae, anasema yeye ataombewa na mama yake, haya toka uje umwombee!" Ngoja nitoke.